Siku Kiboko Alipotangaza Kuwa Haumwi

Nasema ngano.

Semeni: ilete tuipepete.

Sijasikia. Nyie mliokaa upande wa mlango mnaitikia kama watu waliolazimishwa kuja. Nasema ngano.

Ilete tuipepete.

Naileta. Mkiicheka katikati sitakasirika, mkilala nitaondoka.

Haya. Hapo zamani, wakati wanyama walipokuwa na mabaraza, na baraza likianza asubuhi linakwisha jioni bila kuamua kitu, palikuwa na bwawa mahali panapoitwa Migungani. Mwaka huo vuli haikunyesha kabisa, na masika yalikuja siku mbili, yakaaga. Vijito vikakauka. Madimbwi yakakauka. Matope yenyewe yakakauka, yakapasuka kama visigino vya mtu asiyevaa viatu. Likabaki bwawa la Migungani peke yake.

Ndani ya bwawa hilo alikaa Kiboko. Alikuwamo tangu zamani na hakuna aliyemsema vibaya. Naye ni mnyama, anahitaji maji kama wengine. Shida ni kwamba maji yalipungua na Kiboko hakupungua. Wanyama walipokuja kunywa walimkanyaga mkia, walimpigia kelele masikioni, walimvurugia usingizi. Kiboko akafikiri siku nzima, na akifikiri anatoa hewa puani, fuuuh, fuuuh. Jioni akapata jibu. Bwawa liwe lake.

Sasa tegeni masikio, maana hapa ndipo watu wengi wanapopitwa. Kiboko hakusema, "Bwawa ni langu, tokeni." Angesema hivyo, Nyati angefika na ukoo wake wote na pembe zao. Kiboko alimwita Kunguru, mwenye sauti isiyokwepeka, akamfundisha maneno. Kunguru akaruka, kwaa, kwaa, kwaa, akapita bonde zima akitangaza:

"Maji yamechoka. Kuanzia leo, maji yanapumzika. Atakayekunywa, huyo anayasumbua maji."

Wanyama wakatazamana. Maji yamechoka? Hakuna aliyewahi kusikia kitu kama hicho. Lakini neno lenyewe lilikuwa neno jema. Nani asiyependa kupumzika? Punda milia akasema kwa kweli hata yeye amechoka. Wakakuna vichwa, wakakwaruza ardhi, wakarudi makwao na kiu yao.

Juu ya bwawa palikuwa na majabali, na kwenye majabali hayo aliishi Pimbi na watoto wake watatu. Kama hamumjui Pimbi, ni mnyama wa ukubwa wa paka, mnene, hana mkia, na uso wake muda wote ni kama wa mtu aliyeambiwa asubiri nje. Yeye hana haja ya maji mengi. Umande na majani vinamtosha siku nyingi. Lakini kutoka juu kule aliona kila kitu na kusikia kila kitu, na kulikuwa na jambo moja ambalo Pimbi hakuliweza: kusikiliza upuuzi na kunyamaza. Akisikia upuuzi anasaga meno, kwiri kwiri kwiri, mpaka watoto wake wanamwomba aache.

Aliposikia maji yanapumzika, alisaga meno mpaka jua likazama.

Siku ya tatu kiu ikawazidi wanyama. Kiboko naye akaona wakikaa sana bila maji watakuja kwa vurugu. Akamtuma Kunguru tena. Kwaa, kwaa, kwaa:

"Mzee Kiboko ana huruma. Mnaruhusiwa kunywa asubuhi, mafunda matatu matatu. Kila atakayekunywa alete mzigo wa majani mabichi. Huu si ushuru. Ni shukrani kwa yule anayelinda usingizi wa maji."

Wanyama wakatazamana. Shukrani? Nani anakataa kushukuru? Wamelelewa vizuri, wote wana mama zao. Wakakuna vichwa, wakakwaruza ardhi, wakaenda kutafuta majani mabichi katika bonde ambalo halikuwa na jani.

Kulikuwa na Mama Swala. Huyu alikuwa na mtoto wa wiki mbili, na mtoto alikuwa ameanza kuyumba akisimama. Mama Swala alizunguka kutwa, akapata vijani vichache, mdomo mmoja tu. Asubuhi akaja navyo bwawani. Kiboko akavitazama, halafu akamtazama yeye.

"Hivi ndivyo?"

"Ndivyo nilivyopata, Mzee. Kule juu pamekwisha."

Kiboko hakumfukuza. Hakupandisha sauti. Aliguna tu, akawageukia wanyama wengine waliopanga foleni, akasema kwa masikitiko:

"Wapo wasio na shukrani. Tufanyeje, ndio tabia zao."

Foleni nzima ikamtazama Mama Swala. Na mnajua alifanya nini? Alirudi nyuma. Maji yalikuwa pale, hatua nne, na mtoto wake yuko kichakani anahema, lakini Mama Swala aliinamisha kichwa akaondoka, kwa sababu hakutaka kuitwa asiye na shukrani mbele za watu. Alishindwa na neno. Hapakuwa na jino lililomgusa.

Pimbi aliyaona yote hayo kutoka jabalini. Safari hii hakusaga meno. Alishuka akamfuata Mama Swala mpaka kichakani.

"Dada, kwa nini hukunywa?"

"Ningekunywaje, Bi Pimbi? Ulisikia nilivyoitwa."

"Nilisikia. Na wewe ukakubali."

"Sikukubali. Nilinyamaza."

"Uliondoka," alisema Pimbi. "Mtoto anaendeleaje?"

Mama Swala alikuwa anamlamba mtoto masikio, na ulimi wake ulikuwa mkavu, unasikika kras, kras.

Basi Pimbi akaenda kwa jirani yake Ngiri. Ngiri alikuwa mnyama mkweli, shujaa, hana woga hata kidogo, na kati ya wanyama wote wa bonde lile hakuna aliyemchosha Pimbi kuliko yeye. Kesho yake kulikuwa na baraza, na Ngiri alikuwa ameshajipanga kuzungumza.

"Nitamwambia wazi," Ngiri alisema. "Nitasema mbele ya wote."

"Vizuri, jirani. Utasema nini?"

"Utasikia."

Baraza likaanza. Kiboko alikaa majini, kichwa nje, kwa kuwa baraza lilifanyika ufukweni ili yeye asisumbuliwe kutoka. Kunguru akasimama juu ya kichwa chake, akaliweka swali mbele ya wote:

"Swali la leo ni moja. Nani anataka maji yapumzike, na nani anataka maji yateseke?"

Ngiri akainuka, mkia wima. "Mimi nasema bila kuficha. Mimi napinga maji kupumzika."

Baraza likanong'ona. Mnong'ono ule ulipita kutoka kwa Nyati mpaka kwa Kanga. Anapinga maji kupumzika. Kumbe Ngiri ana roho hiyo. Kiboko akatikisa kichwa taratibu, kama baba aliyeumizwa.

"Maji yamekukosea nini, Bwana Ngiri?"

"Hayajanikosea. Mimi nasema yasipumzike."

"Mmesikia wenyewe," Kiboko akasema.

Pimbi alijipiga paji la uso, pa. Wanyama wakakuna vichwa, wakakwaruza ardhi, wakarudi makwao na kiu yao.

Njiani Pimbi akamkamata Ngiri. "Jirani, umefanya nini?"

"Nimepinga."

"Umepinga ukiwa umebeba neno lake mdomoni. Maji hayapumziki. Maji hayachoki. Hayana miguu, hayana mgongo, yanachokaje? Kiboko amekalia maji yetu. Sema hivyo. Sema, 'Kiboko amekalia maji yetu,' halafu kaa chini."

"Nimeelewa."

"Rudia."

"Kiboko amekalia maji yetu, halafu kaa chini."

"Hiyo ya kukaa chini usiiseme, ifanye."

"Nimeelewa, jirani. Mbona unasema nami kama mtoto?"

Baraza la pili likaja. Kunguru akaweka swali: "Leo tunajadili maadui wa maji. Tuwafanyeje?"

Ngiri akainuka. Pimbi akamkazia macho kutoka jabalini. Ngiri akafungua mdomo, na yale maneno aliyofundishwa yalikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi, lakini lile swali lilimchoma, na mtu akichomwa anajitetea.

"Mimi si adui wa maji," alisema Ngiri. "Ndugu zangu, familia yangu yote si maadui wa maji. Hatujawahi kuwa maadui wa maji."

Mnajua wanyama waliondoka na nini pale? Waliondoka na maneno mawili: Ngiri, na adui wa maji. Hata Nyani, ambaye hakuhudhuria, jioni alimuuliza Kanga: eti Ngiri ni adui wa maji? Kanga akajibu, sijui, lakini leo amelizungumzia sana.

Pimbi alipanda jabalini, akajilaza kifudifudi, akafunika masikio kwa viganja vyake. Watoto wakamuuliza, mama unaumwa? Akasema haumwi. Mtoto wake mdogo akaanza kulia. Wa pili akaenda kumletea majani ya dawa. Wa kwanza akauliza kama watabaki yatima.

"Nimesema siumwi," alisema Pimbi.

"Wagonjwa ndivyo wanavyosema," akajibu yule wa kwanza.

Pimbi akainuka akakaa. Akawatazama watoto wake, mmoja mmoja. Halafu akatazama chini bwawani, ambako Kiboko alikuwa anatafuna shukrani za watu. Hakusaga meno. Kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze, alitulia.

Asubuhi akashuka mpaka ufukweni. Hakuleta majani. Alisimama, akamtazama Kiboko kwa muda, kichwa upande, na akasema kwa upole sana:

"Pole, Mzee."

Kiboko akafungua jicho moja. "Pole ya nini?"

"Aa, basi, Mzee. Wewe pumzika." Akaondoka.

Njiani akakutana na Kanga na wenzake, na nyote mnawajua kanga. Wakiwa wawili tu unadhani ni harusi. Pimbi akawaambia, "Msimwambie mtu. Nimetoka kumpa pole Mzee Kiboko." Basi. Hakuongeza neno, hakusema anaumwa wala haumwi, akapita zake. Kabla umande haujakauka bonde zima lilikuwa linaulizana Mzee Kiboko amepatwa na nini.

Habari ikamfikia Kiboko mwenyewe. Akakasirika, akapuliza hewa, fuuuh, akamwita Kunguru.

"Nenda ukatangaze. Waambie mimi siumwi."

Kunguru alikuwa mtiifu. Akaruka, kwaa, kwaa, kwaa, akapita bonde zima, akapita na vilima ambavyo havikuwa vimesikia lolote:

"Mzee Kiboko haumwi. Mzee Kiboko si mgonjwa. Asitokee mtu kusema Mzee Kiboko ni mgonjwa."

Ngiri akaja mbio kwa Pimbi, vumbi linamfuata.

"Jirani, umesikia? Eti Mzee Kiboko haumwi."

"Nimesikia."

"Maskini. Itakuwa ni nini, tumbo?"

Pimbi akamtazama Ngiri kwa upendo ambao hakuwahi kumtazama nao. "Sijui, jirani. Nadhani ni vizuri tukamjulie hali. Wewe una sauti nzuri, waambie na wengine."

Hapo Ngiri hakukosea hata neno moja.

Wakaja wote. Nyati na ukoo wake, Punda milia, Nyumbu, Kanga, Nyani ambaye hahudhurii mabaraza. Mama Swala akaja na mwanawe akiegemea ubavu wake. Na kwa kuwa ni watu walioenda kumtazama mgonjwa, hawakupanga foleni. Tangu lini watu wakapanga foleni kumpa pole mgonjwa? Waliingia majini mpaka walipomfikia, wakamzunguka, wakamshika shavu, wakamshika paji la uso.

"Tokeni majini," Kiboko alisema. "Maji yanapumzika."

"Ndiyo, Mzee," wakasema. "Na wewe pumzika nayo."

"Shukrani zenu ziko wapi?"

Nyati akashangaa. "Mzee, leo tumekuja kukupa pole. Mgonjwa anadai majani ya nini? Utaweza kuyala kweli?"

"Mimi si mgonjwa."

"Hata marehemu baba alisema hivyo hivyo," alisema Nyati. "Jumatano. Ijumaa tukamzika."

Na walipokuwa wamesimama mle majini, wameinama kumtazama vizuri, kiu ikawakumbusha. Mmoja akashusha mdomo. Wa pili akashusha mdomo. Glu, glu, glu. Kiboko akalalamika kwamba wanakunywa. Punda milia akamuuliza, Mzee, kuna nyumba gani yenye mgonjwa ambayo wageni hawapewi hata maji? Kiboko akakosa jibu, maana kila jibu alilokuwa nalo lilianzia pale pale: mimi si mgonjwa. Akilisema, wanatikisa vichwa. Akinyamaza, wanasema nguvu zimemwishia.

Pimbi alikuwa jabalini na watoto wake. Hakusema kitu. Mtu akiwa amezoea kusema, kunyamaza ni kazi nzito. Alishika jiwe kwa nguvu ili asishuke.

Siku ya pili wakaja tena. Siku ya tatu wakaja tena, na Nyani akaleta mzizi wa dawa, mchungu kuliko kitu chochote, wakamshikilia Kiboko wakamtia mdomoni kwa huruma kabisa. Hapo uvumilivu wa Kiboko ukakatika.

"Sikilizeni," alinguruma. "Nitawaonyesha. Nitatoka hapa nikimbie nizunguke bwawa lote mbele ya macho yenu. Halafu nitamuuliza kila mmoja, je, mgonjwa anakimbia?"

Ilikuwa saa sita mchana. Jua liko utosini. Ndugu zangu, Kiboko ni mnyama wa kutoka majini usiku, akala, akarudi kabla hakujakucha. Wengi wa wanyama wale hawakuwahi kumwona nchi kavu mchana, na yeye mwenyewe alikuwa hajatoka juani tangu utoto.

Akatoka. Akakimbia. Pu, pu, pu, pu, ardhi ikatikisika, mawe yakaporomoka. Mzunguko wa kwanza akaumaliza na wanyama wakashangilia kwa adabu. Mzunguko wa pili akaanza kuhema. Mzunguko wa tatu ngozi yake ikaanza kung'aa, halafu ikatota, halafu ikawa nyekundu.

Ndivyo Kiboko alivyoumbwa. Jua likimpiga anatoka jasho jekundu, linamkinga ngozi isiungue. Hakuna ubaya wowote. Lakini aliyejua ni nani?

Kelele za wanyama zikakatika. Mama Swala akaanza kulia. Alikuwa amenyimwa maji na mnyama huyu, alikuwa ameaibishwa na mnyama huyu, na sasa alikuwa anamlilia, machozi yanamdondoka, tone tone, akisema maskini Mzee wa watu, tulikuwa tunamchosha. Mimi nikifika hapa huwa nashindwa niseme nini juu ya Mama Swala, kwa hiyo naendelea.

Kiboko akasimama. "Mbona mmenyamaza?"

Kiboko akageuza shingo, akajitazama bega, akaona wekundu unateremka mpaka kwenye kwato. Akaunusa.

"Ni damu," alisema kwa sauti ndogo sana.

Akatupa macho huku na huku, mpaka akamwona Pimbi jabalini. "Bi Pimbi. Wewe ulinipa pole kabla ya watu wote. Ulijuaje?"

"Nilikutazama tu, Mzee."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekubali?"

Kiboko akafikiri. "Nisingekubali," alisema. "Nilitangaza siumwi." Akakaa chini pale pale vumbini, tifu. "Sasa nifanyeje, Bi Pimbi? Niambie. Mimi ni mgonjwa."

Pimbi akashuka mpaka akafika karibu naye, karibu kabisa, kamnyama kale pembeni ya mlima ule wa nyama. Na nitawaambia ukweli, kwa sababu ngano haina haki ya kuficha: alipoona mnyama mkubwa vile ametoa macho ya hofu, moyo ulimshtuka. Ilitosha aseme, "Mzee, hilo ni jasho." Maneno manne. Yalimfika kooni. Halafu akamwona mtoto wa Swala nyuma ya mama yake, amesimama hayumbi, siku ya tatu tu ya kunywa maji. Akayameza yale maneno.

"Mto mkubwa uko upande wa machweo," alisema. "Mwendo wa siku mbili. Maji yake hayakauki na viboko wenzako wako kule. Mtu kama wewe anafaa auguzwe na ndugu zake. Tembea usiku, mchana jifiche kwenye kivuli."

"Na bwawa?"

"Bwawa tutaliangalia."

Jua lilipozama Kiboko akaondoka, kichwa chini, hatua moja na kuguna, hatua moja na kuguna. Wanyama wakamsindikiza mpaka mwisho wa migunga. Nyati akamwombea dua. Ngiri akalia waziwazi. Kisha wakarudi wote mbio, wakajitupa majini, chubwi, chubwi, chubwi, na usiku ule hakuna aliyelala na kiu katika bonde lile.

Asubuhi Mama Swala alikuja kunywa na mwanawe. Alisimama ukingoni akiangaza huku na huku, kisha akamwona Pimbi.

"Nimekosa majani, Bi Pimbi. Nashukuru hivi hivi."

"Unamshukuru nani?"

"Sijui. Wewe?"

"Usimshukuru mtu, dada. Inama unywe."

Mama Swala akainama akanywa, na Pimbi akakaa pembeni yake mpaka alipomaliza.

Mngependa niishie hapo. Hata mimi ningependa. Lakini wiki haikwisha kabla Kunguru hajatua jabalini. Alikuwa hana kazi, amekonda.

"Bi Pimbi, niagize. Nitangaze nini?"

"Tangaza kwamba wanyama wanakunywa maji."

Kunguru akainamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto. "Hiyo haina uzito. Tuseme hivi: Enzi ya Pimbi. Au: Pimbi, Mama wa Kila Tone. Watapenda."

Pimbi akamrushia jiwe. Halikumpata.

Baraza nalo likakaa. Ajenda ilikuwa moja, na aliyeileta ni Ngiri: kwamba upande ule wa bwawa wenye kina, aliokuwa akilala Mzee Kiboko, usiguswe, uachwe wazi kwa heshima, mpaka atakapopona. Pimbi akainuka, akasema, "Alikuwa anawanyima maji." Wanyama wakamtazama kwa huzuni. Nyati akamwambia, Bi Pimbi, si vizuri kumsema mgonjwa. Ajenda ikapita. Nusu ya bwawa ikawa haiguswi, na mpaka mvua ziliporudi wanyama walikuwa wanabanana upande wenye matope, wakisukumana kwa adabu.

Mvua zilirudi, ndiyo. Na zilipolaza vumbi, korongo mmoja mpita njia akaleta habari kutoka mto mkubwa. Kiboko alikuwa amepona kabisa. Amenenepa. Anawasimulia viboko wenzake jinsi alivyougua ugonjwa wa damu hadharani na akaushinda kwa kukimbia. Sasa amewaeleza kwamba ugonjwa ule unaambukiza kwa maji, hivyo yeye, aliyekwisha kuugua, ndiye pekee anayeweza kukaa mahali penye kina kirefu bila hatari. Wengine, kwa usalama wao, wamesogea ukingoni.

"Na wamekubali?" Pimbi aliuliza.

"Wamempa pole," alisema korongo. "Kila asubuhi wanamletea majani."

Pimbi aliingia katika ufa wa jabali lake, akageukia ukutani, na kutoka nje watoto wake walisikia tu kwiri, kwiri, kwiri, mpaka giza likaingia.

Sasa mnataka fundisho. Naona mmeshakaa sawa, mnasubiri fundisho kama watu wanaosubiri nyama. Fundisho ni hili: maneno ni maneno tu. Hayajawahi kumnyima mtu maji wala kumhamisha mtu nyumbani kwake. Kwa hiyo mtu akiwaambia jambo lake linaitwa jina fulani, msimchunguze, msipoteze muda, liiteni hivyo hivyo mkalale. Na mkiitwa barazani mkaulizwa swali, lijibuni lilivyo.

Unacheka nini wewe? Nimesema hilo ndilo fundisho.

Ngano yangu imefika ukingoni, imekunywa, imekwenda zake. Kama ilikuwa tamu, gawaneni. Kama ilikuwa chungu, niachieni, nimeshazoea.